Meno ya Bibi Kicheko

Mama Usafi alitapika nyuma ya jiko la nyumba ya wazee, mkono mmoja ukiegemea ukuta na mwingine ukiuzuia mkufu wake usining'inie kwenye matapishi. Hata katika hali ile alikuwa amechagua mahali: mbali na kamba ya nguo, mbali na dirisha, juu ya lundo la majivu ambalo lingefukiwa upesi. Alipomaliza alifuta midomo kwa leso, akaikunja upande ulio safi ukawa juu, kisha akasimama akilisikiliza tumbo lake kama mtu anayesikiliza mlangoni kujua kama mgeni asiyetakiwa ameondoka kweli.

Kilichomtoa ndani mbio ni kinywa. Mzee wa kwanza wa asubuhi ile aliketi kwenye kiti cha plastiki, akaegemeza kichwa nyuma, akafungua mdomo kwa utii, na harufu ikatoka. Haikuwa harufu ya kitunguu wala ya sigara; hizo alizizoea. Hii ilikuwa nzito, tamu kidogo, yenye joto, kama maji ya chombo cha maua yaliyosahauliwa katika chumba kilichofungwa. Kwenye magego ya chini mabaki ya chakula yalikuwa yameganda yakawa rangi ya matope, na alipobonyeza fizi kwa kidole, usaha ulichuruzika ukapita juu ya glavu yake. Mzee akasema, "Pole, mwanangu," kana kwamba yeye ndiye aliyekosea. Mama Usafi akamwambia asubiri kidogo. Akatembea taratibu mpaka mlangoni, na baada ya mlango akakimbia.

Alikuwa daktari wa meno, na hilo ndilo lililomfedhehesha zaidi. Sehemu kubwa ya maisha yake ilikuwa imepita ndani ya vinywa vya watu. Lakini vilikuwa vinywa vya namna yake, vinywa vilivyopigwa mswaki kwa nguvu kabla ya kuja, kwa aibu ya kuonekana. Kliniki yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la miwani, sakafu inang'aa, muziki unasikika kwa chini, na kazi iliyomjaza siku nzima ilikuwa kung'arisha meno ya maharusi na kunyoosha ya watoto ambao wazazi wao walitaka watoke vizuri pichani. Jina la Mama Usafi alipewa na wifi yake, aliyemfumania karamuni akifuta kijiko kwa tishu chini ya meza. Jina likashika. Hata mumewe alilitumia siku ambazo moyo wake ulikuwa mweupe.

Kwa hiyo aliposema mezani kwamba ameomba kujiunga na kikosi cha madaktari wanaojitolea ng'ambo, katika nchi iliyotoka vitani ambako mtu huugua jino mpaka shavu likapasuka, wifi alicheka hadi chai ikampalia.

"Wewe? Si utafika huko uanze kuwaogesha watu kwanza ndipo uwatibu!"

"Mwache bwana," mume alisema, ingawa naye alikuwa anajikaza asicheke. "Pengine huko kuna maji mengi."

Mama Usafi alicheka pamoja nao, lakini maneno yale aliondoka nayo mezani. Kwa muda mrefu alikuwa na wasiwasi ambao hakumwambia mtu: kwamba mikono yake ilisomea kuponya na sasa inapamba. Alitaka kujua kama ndani ya koti lile jeupe lililopigwa pasi mlikuwa na daktari, au lilikuwa koti tu.

Kikosi kile hakikumchukua mtu kwa maneno. Kila mwombaji alipaswa kwanza kufanya kazi siku chache katika nyumba ile ya wazee pembezoni mwa mji, na siku ya mwisho angeambiwa kama amepita, naye angesema kama yuko tayari. Mratibu wa kikosi, mwanamke kijana mwenye sauti ya kutangaza hata alipokuwa anaomba chumvi, aliwaambia asubuhi ile kabla ya kuanza: "Msidhani ni sisi peke yetu tunaowapima. Jipimeni wenyewe. Ng'ambo hakuna pa kukimbilia."

Na yeye hakuwa amemaliza hata saa moja, tayari alikuwa amekimbilia jikoni.

"Umemaliza, au bado kuna salio?"

Aligeuka. Kiongozi wa kikosi alikuwa amesimama penye kona, mikono mifukoni, akitazama upande mwingine kwa adabu. Alikuwa daktari wa siku nyingi, mabega mapana, ndevu zenye mvi, na wote walimwita Koleo, kwa sababu ilisemekana jino lilikuwa limeshatoka kabla mgonjwa hajamaliza kusema liko wapi. Yeye mwenyewe alilipenda jina hilo.

"Samahani, Daktari. Sijui kimenipata nini."

"Kimekupata kilichotupata sote. Mimi mara yangu ya kwanza nilitapikia viatu vyangu. Na vilikuwa vipya." Alitoa mfukoni kikopo kidogo cha mafuta ya kuchua, yale yenye harufu kali ya kufungua pua. "Paka chini ya pua, kisha vaa barakoa juu yake. Kinyaa, dada yangu, ni cha siku mbili tu. Baada ya hapo unakitafuta hukioni."

Alimshukuru karibu kwa machozi. Hakuwa amemtegemea mtu mkubwa kama yule amfuate nyuma ya jiko, tena bila kumcheka. Alipaka mafuta, macho yakamchoma, akarudi ndani, akamwomba radhi yule mzee na kumalizia alichoanza.

Ukumbi wa chakula ndio uliogeuzwa kuwa kliniki. Meza zilisukumwa ukutani, viti vya plastiki vikapangwa mstari mmoja, na kila kiti kilikuwa na beseni lake na ndoo yake. Wajitoleaji walivaa fulana za rangi moja. Mgonjwa alipomalizika, mratibu alianzisha makofi, na ukumbi mzima ukapiga. Mara ya kwanza Mama Usafi aliona aibu. Kufikia alasiri alikuwa anayangoja. Mikono yake ilikumbuka kazi ambayo haikuwa imeifanya tangu ujana: kuchoma ganzi, kulegeza, kuzungusha, kuvuta. Meno yaliyooza yalitoka kama misumari kwenye mbao mbovu, na wazee walisukutua, wakatema damu na utelezi ndani ya ndoo, wakamwambia Mungu akubariki. Mafuta yale yalifunika kila kitu. Alisikia harufu moja tu, ya baridi na safi, kama dirisha lililofunguliwa ndani ya kichwa chake.

Siku ya pili hakuhisi chochote. Aliweza kuichungulia ndoo bila moyo kumchafuka, na alijivunia jambo hilo kuliko shahada yake. Aliona, lakini hakukazia macho, kwamba boksi la dawa za kuziba meno lilikuwa chini ya meza, utepe wake haujakatwa. Alipouliza, Koleo alimjibu bila kuinua kichwa: "Kuziba jino moja ni kumkalisha foleni nzima. Huko tuendako sitarudi kesho kuangalia kama dawa imeshika. Jino nililoliacha litamuua mtu kwa maumivu, nami nitakuwa nimeshapanda ndege." Lilikuwa jibu lenye ukweli ndani yake, akalimeza.

Aliona pia, bila kukazia macho, kwamba wazee wasio na meno kabisa walipelekwa penye dirisha lenye mwanga mzuri, ambako mpiga picha aliwangoja. Mratibu aliwavika meno ya bandia, mzee akatabasamu, picha ikapigwa, makofi. Kisha meno yakatolewa. Yakaingia kwenye kikombe cha maji. Mama Usafi alidhani yanasafishwa ili mwenyewe akabidhiwe.

Mchana huo akaingia Bibi Kicheko, ameshikwa mkono na mlezi wa nyumba ile. Wote pale walimwita hivyo kwa sababu alicheka kabla ya kusema, wakati wa kusema, na baada ya kusema. Na alipocheka yalionekana meno sita ya mbele ya chini, madogo, yamebanana, yamegeuka manjano kwa umri lakini yamesimama wima.

"Hilo ndilo jeshi langu," alisema akijikalisha. "Wengine wote wamestaafu."

"Nini kinakusumbua, Bibi?"

"Fizi inaniwasha hapa. Meno yenyewe hayana neno. Haya nakata nayo mkate wa jana bila kuulowesha. Waulize hawa walezi."

Mama Usafi alichungulia. Ugaga, ule uchafu mgumu kama chokaa, ulikuwa umejikusanya kwenye shina la meno, na fizi ilikuwa nyekundu, imevimba kidogo. Meno yenyewe hayakucheza. Kilichohitajika ni kuyakwangua na kumfundisha kuyasafisha vizuri, basi. Alikuwa ameshanyoosha mkono kuchukua kikwangulio aliposikia pumzi ya Koleo juu ya bega lake.

"Huyu ni mzuri sana," Koleo alisema kwa sauti ya chini. "Juu hana kitu, chini ana sita. Toa yote, tumpe seti kamili."

"Meno haya ni mazima, Daktari."

"Leo. Mwakani je? Nani atakuja kumkwangua? Yakianza kuoza hapa ndani, nani atamshughulikia? Unamwachia bomu mdomoni."

"Na jinsi anavyocheka!" mratibu aliongeza, tayari akimpungia mkono mpiga picha.

Koleo aliinama mbele ya Bibi na kumshika mkono, kwa upole ule ule wa nyuma ya jiko. "Bibi, tunataka kukupa meno mapya. Juu na chini. Ya kung'aa."

"Mapya?" Bibi alicheka. "Na haya?"

"Haya tutayatoa. Hayatakusumbua tena."

Bibi aliacha kucheka, si kwa huzuni, bali kama mtu anayeweka mzigo chini kidogo ili afikiri. Akamgeukia Mama Usafi. "Wewe unasemaje, mwanangu? Wewe ndiye uliyeyaona."

Foleni ilikuwa inasubiri. Mpiga picha alikuwa anapima mwanga. Koleo alikuwa amesimama bila haraka yoyote, na katika utulivu wake Mama Usafi aliona kwamba hapa ndipo alipokuwa anapimwa. Akasikia mdomo wake unasema:

"Hutasikia maumivu, Bibi."

Ilikuwa kweli. Lakini halikuwa jibu la swali aliloulizwa, na wote watatu walilijua hilo. Bibi alimtazama kitambo, kisha akaegemeza kichwa nyuma.

Jino bovu huachia. Jino zima hugoma. Mama Usafi alikuwa amesahau ugumu huo, jinsi mfupa unavyolishikilia jino lake kama mama anayeng'ang'ania mkono wa mtoto sokoni. Alizungusha, akasukuma, na palisikika mlio mdogo mkavu kabla jino halijatoka. Aliliweka kwenye beseni. La pili akalitoa. Bibi hakulia wala hakushtuka. Ganzi ilifanya kazi yake vizuri. Alikuwa anatazama dari.

Mama Usafi alipolishika la tatu kwa koleo, jicho lake liliangukia beseni. Katikati ya vipande vyeusi vya asubuhi, vyenye matundu na vinyama vilivyooza, meno mawili ya Bibi yalilala na mizizi yake mizima, safi, mirefu, ikimetameta kwa damu mbichi. Mle ukumbini hamkuwa na kitu kisafi kuliko yale. Na ndiyo yaliyomgeuza tumbo.

Aliondoa mkono kinywani mwa Bibi.

"Siwezi," alisema.

Koleo hakukasirika. "Umechoka. Pumzika, dada." Akachukua koleo mkononi mwake, akaketi mahali pake, na kabla Mama Usafi hajafika kwenye bomba la maji mlangoni alisikia makofi.

Aligeuka kutazama. Bibi alikuwa ameshafikishwa dirishani, pamba imejaa mdomoni. Mratibu alizitoa pamba moja moja, akatia vidole kwenye kikombe cha maji, akatoa meno ya bandia. Yalikuwa yale yale. Mama Usafi aliyatambua kwa ufa mdogo kwenye fizi ya rangi ya waridi. Ndiyo waliyokuwa wamevikwa mzee wa kwanza wa dirishani siku hiyo, na mzee mmoja kipofu, na mama mmoja aliyekuwa na vidonda kwenye ulimi. Maji ya kikombe yalikuwa yameingia ukungu, na juu yake kulielea uzi wa mate. Mratibu aliyakung'uta mara moja, matone yakaruka, akayasukuma ndani ya kinywa cha Bibi, juu ya mashimo mabichi yaliyokuwa bado yanavuja.

Yalikuwa makubwa mno. Ulimi wa Bibi ulionekana ukihangaika nyuma yake, ukijaribu kumfukuza huyo aliyeingia bila hodi.

"Cheka, Bibi! Cheka kama kawaida yako!"

Bibi alifungua mdomo. Meno yakaonekana, meupe, mengi, ya mtu mwingine. Sauti haikutoka.

Mama Usafi alivua barakoa. Alisugua mafuta chini ya pua kwa mgongo wa mkono mpaka ngozi ikawaka, na ukumbi ukamrudia wote kwa pamoja: damu, usaha, jasho, ndoo, fulana mpya. Alingoja atapike. Ingekuwa nafuu kutapika. Lakini kilichokuwa kinampanda kilifika kooni, kikakaa.

Jioni wengine walipokuwa wanafunga mizigo, alimkuta Koleo kwenye bomba la nje akiosha vyombo vyake mwenyewe, jambo ambalo viongozi wengi hawalifanyi.

"Yale meno ya dirishani," alisema. "Watapewa lini ya kwao?"

"Tunatafuta wafadhili. Ndiyo maana ya picha."

"Kwa hiyo hayapo."

"Hayapo bado." Aliweka koleo moja juu ya taulo, akachukua jingine. "Sikiliza. Huko kambini watu wanalala kwenye foleni. Ukianza kulionea huruma kila jino, wa nyuma watakufa na usaha wao. Lazima mkono uzoee kutouliza. Hapa tunafanya mazoezi."

"Bibi yule alikuwa mazoezi?"

Koleo alifunga bomba. Kwa mara ya kwanza alionekana mzee. "Usinitazame hivyo, kana kwamba nimetoka kuiba. Nimewaondolea maumivu watu wengi kuliko utakaowaona wewe maishani mwako. Na yale sita ya Bibi, mawili yaling'olewa na nani?"

Mama Usafi aliyatazama makoleo yaliyopangwa juu ya taulo.

"Nilikuwa kama wewe," Koleo akaendelea, sauti ikilainika. "Nilikuwa na maswali tele. Mwenye maswali tele hurudi nyumbani kung'arisha maharusi. Kesho nitatangaza kwamba umepita. Mkono wako ni mzuri, na ule udhaifu wa leo utaisha. Utapotea tu, uone."

Alitangaza kweli, kesho yake, mbele ya wote, na makofi yakapigwa. Wenzake walimkumbatia. Mratibu alimpa hadi mwisho wa juma kusema kama anakwenda. Mama Usafi alitabasamu kwa midomo iliyofumbwa. Mlezi mmoja alimwambia Bibi Kicheko hajatoka chumbani tangu jana, na yeye akasema atapita kumwona, kisha akapanda gari bila kupita.

Nyumbani, wifi alikuwa amekuja na sanduku la kusafiria, jekundu, lenye magurudumu. "Nimekubali nimeshindwa!" alitangaza mlangoni. "Mama Usafi amepita! Nilidhani utarudi kabla ya chakula cha mchana."

Mama Usafi alinawa mikono. Akaketi. Akanyanyuka akanawa tena. Walipomwekea chakula akakisogeza, na mumewe, aliyemjua, akazima redio.

"Kuna nini?"

Akawaeleza. Hakuruka kitu, hata lile jibu lake kwa Bibi, hasa hilo. Wifi alibaki amekishika kikombe hewani.

"Basi usiende nao," mume alisema mwishowe. "Jambo rahisi. Watu wachafu hao."

"Si rahisi. Nikisema siendi, nitasema ni kwa ajili ya Bibi, nawe utaniamini, na mimi nitajiamini. Lakini huenda ni kwa sababu ya yule mzee wa kwanza. Huenda nimepata kisingizio kizuri cha kutorudi kwenye ile harufu."

"Na ukienda?"

"Nikienda nitazoea. Nimeshaona ninavyozoea. Ilinichukua siku moja tu." Alitazama viganja vyake. "Kila mtu anaogopa nitaona kinyaa. Mimi nilipoacha kukiona ndipo nilipofanya lile nililofanya."

Kwenye meza mchuzi ulikuwa unapoa na kujifunika utando.

"Sasa huyo bibi," wifi akauliza polepole, "anakula nini?"

Hakuna aliyekuwa amejiuliza. Mama Usafi alimtazama wifi yake kama anayemwona kwa mara ya kwanza, kisha akatazama pembeni, kwa kuwa hilo lilikuwa swali la kwanza ambalo daktari angepaswa kuuliza.

Aliahirisha siku moja, kisha nyingine. Kliniki alimng'arisha bwana harusi aliyemweleza habari za ukumbi na maua, na wakati wote alikuwa anahesabu moyoni: vidonda vitakuwa vimeanza kufunga, fizi zitahitaji majuma mengi kabla ya kupimwa, seti ataitengeneza mwenyewe, kwa mkono wake, hata ikimchukua msimu mzima. Mratibu alipiga simu. Hakupokea. Siku ya mwisho ya kutoa jibu ilipofika alifunga kliniki mapema, akatia vifaa kwenye mkoba, akaenda kwenye nyumba ya wazee bila fulana ya kikosi.

Ukumbi ulikuwa umerudi kuwa ukumbi wa chakula. Mlezi alimwongoza hadi chumba cha mwisho. Bibi alikuwa ameketi kitandani, bakuli la chai mapajani, na ndani ya chai kipande cha mkate kilichovunjika kikawa tope. Alikuwa anakinywa. Mashavu yake yalikuwa yameingia ndani, na kidevu kimesogea karibu na pua. Alimtambua mgeni wake mara moja. Hakucheka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

Mama Usafi alisimama, kwa kuwa hakuambiwa aketi. "Nimekuja kuangalia vidonda vyako. Na baadaye, vikipona, nataka kukutengenezea meno. Yako mwenyewe. Si yale."

Bibi aliweka bakuli kwenye stuli. Alijifuta kidevu kwa upindo wa kanga, kwa makini, pande zote mbili.

"Nikuulize," alisema. Maneno yalimtoka mapana, yakipitiliza pale ambapo zamani yangeshikwa. "Meno yangu yalikuwa mabovu?"

Hapo palikuwa na njia nyingi za kupita. Fizi ilikuwa imevimba, ndiyo. Ugaga ulikuwepo, ndiyo.

"Hapana, Bibi. Yalikuwa mazima."

"Nilijua." Bibi alitikisa kichwa taratibu. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

Nje mtu alikuwa anafagia ua, na ufagio ulisikika ukienda ukirudi. Simu ilitetemeka mkobani. Mama Usafi aliiacha itetemeke mpaka ikanyamaza yenyewe.

"Hao ni wenzako?"

"Wanataka kujua kama nakwenda nao. Ng'ambo. Kuwatibu watu."

"Unakwenda?"

"Sijui kama nafaa, Bibi."

"Ala! Na mimi ndiye unayeniuliza?" Kwa kitambo kidogo kitu kilicheza kwenye pembe za macho ya Bibi, lakini hakikushuka mpaka mdomoni. "Mimi sijui mambo ya huko. Najua haya ya hapa. Asubuhi mlezi akiniletea chai naikumbuka mikono yako, na chai hainipiti. Unanitia kinyaa, mwanangu. Nakwambia kweli kwa sababu nawe umeniambia kweli."

Mama Usafi aliitikia kwa kichwa. Alidhani maneno kama hayo yangemwangusha. Yalimsimamisha tu pale alipokuwa, katikati ya chumba, mkoba begani, kama mtu aliyefikishwa mahali ambapo amekuwa akipazunguka.

"Nikirudi siku nyingine?"

"Siku nyingine nitakuwa nimesahau hasira, nikuonee huruma. Sitaki." Bibi alinyoosha kidole kuelekea pembeni, ambako kulikuwa na sinki dogo lenye sabuni ya kipande. "Nawa. Hapo, nikuone."

Alitua mkoba. Alivua saa, akavua pete, akakunja mikono ya blauzi hadi juu ya viwiko. Maji yalikuwa ya baridi. Alipaka sabuni mbele na nyuma ya viganja, katikati ya vidole, chini ya kucha, kama alivyofundishwa na kama alivyofanya kila siku bila kuwaza, akasuuza, akageuka na kuonyesha mikono yake ikidondosha maji sakafuni.

Bibi Kicheko aliitazama mikono ile kwa muda mrefu, kichwa amekiinamisha upande, midomo ameifumba.

"Tena," alisema.